Gemu iliyokataa kufa: kutoka Sensible Soccer hadi YSoccer

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata niwasimulie historia ya gemu ya kandanda ambayo hulipi hata ndururu kuicheza. Msiopenda kandanda nivumilieni kidogo, maana safari hii inaishia kwenye duka la saruji na misumari.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilikuwa na laptopu ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 2. Wenzangu hosteli walikuwa wakicheza FIFA. Yangu ukijaribu kuifungua FIFA ilinguruma kama kinu cha kusaga mahindi, kisha inaganda. Jamaa mmoja wa darasa letu akanionea huruma, akanipa gemu ndogo kwenye flashi. Iliitwa YSoccer. Nilipoifungua nilicheka. Uwanja unaonekana kutoka juu, na wachezaji ni wadogo kama siafu waliovalishwa jezi. Lakini tulicheza hadi saa nane usiku, yeye ameshika padi ya USB na mimi kibodi, na kesho yake nikataka kujua kitu hiki kimetoka wapi.

Kumbe ukoo wake ni mrefu. Mwaka 1985 kampuni ya Kijapani ya Tehkan ilitoa Tehkan World Cup, mashine ya kuchezea kwa sarafu. Uwanja ulionekana kutoka juu, na badala ya vitufe vya kwenda kushoto na kulia ulizungusha tufe kwa kiganja. Huko Chelmsford, Uingereza, vijana wawili, Jon Hare na Chris Yates, waliokuwa wameanzisha Sensible Software mwaka 1986, waliipenda mashine hiyo. Mwaka 1988 wakatoa MicroProse Soccer ya Commodore 64, ambayo tayari ilikuwa na mashuti ya kupinda angani.

Kisha akaja Dino Dini na Kick Off mwaka 1989, na Kick Off 2 mwaka 1990. Hapo mpira haukuganda mguuni. Ukigeuka haraka, mpira unaendelea na safari yake na wewe unabaki umesimama kama kigingi. Ilikuwa ngumu na ilikuwa tamu. Watu wa Sensible waliicheza sana, wakaamini wanaweza kutengeneza iliyo bora. Wakati huo walikuwa na gemu nyingine, Mega Lo Mania ya mwaka 1991, yenye watu wadogo wadogo wa kupigana vita. Wakawachukua watu hao wakawavisha jezi. Baada ya Robert Maxwell kufariki Novemba 1991 na himaya yake kuporomoka, kampuni ya Mirrorsoft iliyokuwa chini yake ilikwenda nayo, kwa hiyo gemu hiyo ikachapishwa na Renegade mwaka 1992. Jina lake Sensible Soccer.

Siri yake ilikuwa nini? Kwanza, kwa kuwa wachezaji ni wadogo, unaona sehemu kubwa ya uwanja, na ukiona uwanja unaweza kupanga pasi. Pili, ilitumia kitufe kimoja tu. Ukikigusa kidogo unatoa pasi, ukikikandamiza unapiga shuti. Tatu, na hili ndilo lililonifanya nifungue daftari, mpira ukishatoka mguuni gemu inaendelea kusikiliza mkono wako kwa muda mfupi sana. Vuta kijiti nyuma na mpira unapaa. Sukuma pembeni na unapinda. Kwa sisi waandishi wa programu, ni vigezo vichache tu: mahali mpira ulipo, kasi yake, urefu wake kutoka ardhini, mvutano wa chini na msuguano wa nyasi, vikihesabiwa upya katika kila fremu. Amiga iliyoifanya kazi hiyo ilikuwa na prosesa ya takriban megahezi 7. Simu yako ya bei ya chini kabisa inaipita mara mia kadhaa.

Mwaka 1994 wakatoa Sensible World of Soccer, ambayo mashabiki huiita SWOS. Ilibeba timu zipatazo 1,500 na wachezaji wapatao 27,000, na ungeweza kuwa kocha kwa misimu 20. Yote hayo yaliingia kwenye diski laini, na diski moja ya Amiga ilikuwa na nafasi ya kilobaiti 880. Picha moja unayopiga leo kwa simu haiingii humo.

Lakini mwaka huohuo wa 1994 Commodore, watengenezaji wa Amiga, walifilisika. SWOS ya msimu wa 1996/97 ikawa ya mwisho. Wakajaribu kuhamia picha za 3D, haikufua dafu mbele ya FIFA, na mwaka 1999 Sensible Software ikauzwa kwa Codemasters. Mwaka 2007 wataalamu walioongozwa na Henry Lowood wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa orodha ya gemu 10 muhimu zaidi katika historia, na SWOS ilikuwamo pamoja na Tetris na Doom. Heshima kubwa, ila msimbo wake ulikuwa umefungiwa kabatini mwa mwenye hati. Mashabiki waliobaki waliendelea kusahihisha majina ya wachezaji msimu baada ya msimu, wakichokoa mafaili ambayo hayakutengenezwa ili yachokolewe.

Hapo ndipo YSoccer inapoingia. Zamani iliitwa Yoda Soccer, na iliandikwa kwa BlitzMax. Baadaye iliandikwa upya kwa Java ikitumia maktaba ya libGDX, ndiyo sababu inaendeshwa kwenye Windows, Linux na hata simu. Haikuiba msimbo wa Sensible. Iliandikwa kutoka mwanzo, ikiiga namna mpira unavyokwenda. Na sheria haina neno juu ya hilo: mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, katika kifungu cha 9, unasema hakimiliki inalinda namna wazo lilivyoelezwa, hailindi wazo lenyewe. Msimbo ni mali ya mtu, picha ni mali ya mtu, jina ni mali ya mtu. Mpira kupinda hauna mwenyewe.

Tena tazameni ule ukoo. Sensible waliiga mashine ya Tehkan, wakaja wakatamani kuipiku Kick Off. Kila gemu katika mlolongo huu ilitengenezwa na mtu aliyeipenda ya mwenzake. Tofauti ya YSoccer ni moja tu: ilitolewa kwa leseni ya GPL, kwa hiyo yeyote anaruhusiwa kuusoma msimbo, kuubadilisha na kuugawa, mradi naye asifunge mlango. Timu zake ni mafaili ya maandishi ya JSON. Jumamosi moja nilinakili faili la timu fulani, nikaandika Gor Mahia na jezi ya kijani, nikanakili tena nikaandika AFC Leopards na jezi ya buluu na nyeupe, na jioni ile Mashemeji Derby ikachezwa chumbani kwetu. Leopards walishinda. Rafiki yangu bado anasema niliwapa kipa wa kupendelea.

Sasa lile duka. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika kampuni ndogo iliyouza programu ya mauzo kwa wenye maduka. Kampuni ilifunga bila kuaga. Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu na mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Programu ilikuwa imeacha kufunguka kwa sababu seva ya leseni ilikuwa imezimwa. "Kijana wangu," akaniambia, "madeni ya watu wangu yote yamo humo." Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, naye daftari alikuwa nalo, ila sisi ndio tuliolifunga. Msimbo haukuwa wangu, funguo sikuwa nazo.

Kilichonitoa ni ile gemu. Nilikaa dukani kwake siku tano, nikamwomba anionyeshe alikuwa akibonyeza nini, kwa mpangilio upi, na risiti ilikuwa ikitokaje. Kisha nikaandika programu mpya kutoka mwanzo, sikugusa hata mstari mmoja wa ile ya zamani. Madeni tuliyaingiza upya kutoka kwenye nakala za risiti alizokuwa ameziweka kwenye boksi la viatu. Mengine hayakuwa na risiti, na hayo alipoteza. Siwezi kusahau jinsi alivyonyamaza tulipofika mwisho wa boksi. Safari hii nilimkabidhi flashi yenye msimbo wote, na madeni yake nikayaweka kwenye faili la maandishi ambalo hata mwanawe wa sekondari anaweza kulisoma.

Tangu hapo, nikikutana na mteja mpya swali langu la kwanza ni hili: sisi tukifunga kesho asubuhi, wewe utabaki na nini mkononi? Wenye programu wengi hawalipendi swali hilo. Mashabiki wa SWOS walijibu lao kwa kuandika gemu upya na kuuacha mlango wazi.

Itafuteni YSoccer muicheze. Mkishazoea mpira kupinda, fungueni mafaili yake msome. Anayetaka timu zangu mbili za Nairobi aniambie nitamtumia, na kipa mnaweza kumpunguza wenyewe.

Kwaherini kwa leo.