Kikombe cha Maziwa au Kijiko cha Usipa? Mlo wa Mtoto Mdogo Kyela na Ufuo wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Kila mwaka, Mei inapoisha na Juni kuingia, Tanzania huadhimisha Wiki ya Maziwa. Hotuba za wiki hiyo hazikosi tarakimu moja: lita 200 kwa kila mtu kwa mwaka, kiwango kinachosemwa kuwa ndicho kinachofaa kwa afya. Kisha huja ya pili, kwamba Mtanzania wa kawaida anakunywa lita 60 na ushee tu. Kutokana na pengo la tarakimu hizo mbili watu hukimbilia hitimisho kwamba mtoto wa Kitanzania anadumaa kwa sababu hanywi maziwa, kwa hiyo anyweshwe. Makala haya yanalipinga hitimisho hilo, angalau kwa watoto wa miezi 6 hadi 24 katika tambarare za Kyela, kuanzia Kasumulu mpakani mwa Malawi hadi Matema chini ya milima ya Livingstone.

Kuhusu maziwa ya mama hakuna ubishi. Mtoto anyonye peke yake miezi 6, kisha aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi huku akipewa vyakula vya nyongeza. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi 6 nchini walikuwa wananyonya tu bila kupewa kingine. Kazi ya kuipandisha namba hiyo haijaisha, lakini mwelekeo wake hakuna anayeupinga.

Ubishi unaanza pale mtoto anapotakiwa kula. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23. Wanaotetea kikombe cha maziwa hupenda kunukuu sehemu moja ya mwongozo huo: mtoto wa miezi 12 hadi 23 anayepewa maziwa yasiyo ya mama apewe ya mnyama, na yale maziwa maalumu ya makopo ya “kuendelezea” hayapendekezwi. Hayo ni kweli. Ila agizo hilo linamhusu mtoto ambaye tayari anatumia maziwa mengine. Mtoto anayenyonya vizuri, na ndio wengi vijijini Kyela, anaguswa zaidi na agizo jingine la mwongozo uleule: nyama, samaki au mayai kila siku. Katika hotuba za maziwa agizo hili halisikiki.

Vibadala vya maziwa vitokanavyo na mimea havihitaji maneno mengi. Maziwa ya soya yanayotengenezwa nyumbani yana protini, lakini kalsiamu yake ni ndogo mno kulinganisha na ya ng'ombe. Tui la nazi lina mafuta mengi na protini kidogo. Uji wa lishe wenye mchanganyiko wa nafaka nyingi, soya na karanga, unaouzwa kwa mifuko sokoni, una tatizo lake: viungo hivyo haviivi kwa muda mmoja, fitati za nafaka huzuia mwili kunyonya madini ya chuma na zinki, na karanga au mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi iliua karibu watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hata hivyo mimea isidharauliwe. Miaka ya 1950 daktari Rex Dean, akiwa Kampala, alitibu watoto wenye kwashiorkor kwa michanganyiko ya protini za mimea, soya na ndizi zikiwamo, na wakapona. Kwa nchi ya ndizi kama Unyakyusa, kumbukumbu hiyo ina uzito.

Wapo wanaotoa hoja ya mila. Wanyakyusa ni wafugaji wa tangu zamani, wanasema, na mbalaga (ndizi) iliyopikwa kwa maziwa ni chakula cha nyumbani. Historia inawaunga mkono. Mpelelezi Joseph Thomson alipofika ncha ya kaskazini ya ziwa mwaka 1879 alistaajabia migomba na ng'ombe, na wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huko kati ya 1934 na 1938, waliwakuta ng'ombe wakiwa kiini cha maisha, kuanzia mahari hadi matambiko ya msiba. Lakini ardhi ya bondeni leo imeshikwa na mpunga na kakao, na ng'ombe wa maziwa wako juu Rungwe, kwenye ubaridi wa Tukuyu. Ufuoni, kwenye mwinuko wa mita 475 hivi, maziwa mabichi yasiyopozwa huchacha ndani ya saa chache. Anayeyanunua bondeni hana uhakika kama yameongezwa maji, wala maji hayo yametoka wapi.

Fumbo kubwa zaidi liko kwa majirani. Utafiti huohuo wa 2022 ulikuta udumavu wa asilimia 30 kitaifa, lakini Iringa ulikuwa karibu asilimia 57 na Njombe asilimia 50. Mikoa hii miwili inasifika kwa ng'ombe wa kisasa na viwanda vya maziwa. Takwimu za mkoa hazisemi nani ndani ya nyumba amekunywa nini, kwa hiyo si halali kudai kwamba maziwa hayasaidii. Zinachoonesha ni kwamba maziwa kuwepo mkoani hakuyafikishi kinywani mwa mtoto. Yanapopata mnunuzi wa uhakika, ndoo hutoka alfajiri kwenda kituo cha kukusanyia, na mtoto hubaki na uji mweupe.

Watetezi wa maziwa wana ushahidi wao bora kutoka Embu, Kenya, ambako kati ya 1998 na 2001 shule 12 ziligawanywa: baadhi ya watoto walipewa githeri (kande) yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri yenye mafuta, na wengine hawakuongezewa kitu. Maziwa yaliongeza urefu kwa waliokuwa wafupi tangu mwanzo. Ni matokeo ya kuheshimiwa. Lakini hao walikuwa wanafunzi, si watoto wa miezi 9, na katika majaribio ya kufikiri waliong'ara ni wa nyama. Wa maziwa hawakuwashinda wenzao.

Ushahidi unaoigusa Kyela kwa karibu zaidi unatoka ncha ya kusini ya ziwa hilihili, wilayani Mangochi, Malawi. Jaribio la kwanza lilihusu watoto 1,932, waliopewa kila siku siagi ya mafuta na karanga yenye virutubisho kuanzia miezi 6 hadi 18. Makundi mengine yalipewa yenye unga wa maziwa ndani yake, mengine isiyo na maziwa, na moja halikupewa kitu. Mwisho wa safari urefu wa watoto haukutofautiana: maziwa hayakuwapa waliopewa sentimita za ziada. Jaribio la pili, lililoitwa Mazira, lilianza 2018 likiwa na watoto 660. Nusu walipewa yai moja kila siku kwa miezi 6. Watafiti walikuwa na matumaini makubwa, kwa sababu jaribio la namna hiyo nchini Ecuador lilikuwa limepunguza udumavu karibu nusu. Mangochi yai halikubadili urefu. Walipotafuta sababu walikutana na jambo ambalo mvuvi wa Ngonga au Matema asingelishangaa: watoto wa pale walikuwa wakila samaki tayari, na udumavu wao mwanzoni ulikuwa asilimia 14 tu.

Hapa ndipo hoja ya makala haya inaposimama. Jaribio halikupangwa kupima samaki, na tofauti kati ya Mangochi na kwingineko inaweza kuwa na sababu nyingine. Hata hivyo tafsiri iliyo karibu zaidi ni kwamba nafasi ambayo yai lilikuja kuijaza ilikuwa imejazwa na ziwa. Ikiwa ndivyo, kikombe cha maziwa kitakutana na ukuta uleule kwa watoto wanaokula samaki, na kwa wasiokula, tiba iliyo jirani ni usipa, dagaa wa ziwa hili.

Usipa huliwa mzima, kichwa, mifupa na matumbo. Gramu 100 za dagaa wa aina hii waliokauka huweza kuwa na zaidi ya miligramu 1,000 za kalsiamu, dhidi ya 120 hivi za maziwa ya ng'ombe. Kijiko cha unga wake, kama gramu 10, hulingana na mililita 100 za maziwa kwa kalsiamu, na juu ya hapo kuna madini ya chuma, ambayo maziwa hayana ya kutosha. Kuuandaa ni kazi ya dakika chache: usipa mkavu huchaguliwa, huoshwa, hukaangwa bila mafuta hadi uvunjike kwa vidole, hutwangwa kwenye kinu na kuchekechwa ili mwiba usipite. Kijiko hicho kikikorogwa ndani ya mbalaga iliyopondwa au uji wa mchele, mtoto wa miezi 8 hula.

Vipingamizi vipo. Usipa unaoanikwa mchangani huja na mchanga, na Kyela hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, hivyo katika miezi ya masika shehena huoza kabla ya kukauka. Wachuuzi pia hununua na kupeleka Mbeya na mbali zaidi. Vyote hivi vinahusu uanikaji na soko, na dawa yake inajulikana: chanja zilizoinuliwa, paa la nailoni, na uhifadhi mkavu. Hofu ya laktosi, yaani sukari ya maziwa, inayotajwa upande wa pili kuyakataa maziwa, nayo haina nguvu kwa umri huu, kwani watoto wadogo wengi bado wanaimeng'enya. Nyumba yenye ng'ombe iendelee kumtengea mtoto mtindi wake kabla ya ndoo kuuzwa.

Halmashauri zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 kwa ajili ya lishe. Fedha hiyo haimnunulii mtoto hata lita moja ya maziwa. Ikiunganishwa kwa kijiji kizima cha ufuoni, inaweza kujenga chanja, kununua mashine ndogo ya kusaga na kulipia mafunzo ya akina mama siku ya afya na lishe ya kijiji. Kituo cha utafiti wa uvuvi cha TAFIRI kiko palepale Kyela, na Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu 1973. Taasisi hizo mbili zifanye jaribio la wazi: vijiji vya unga wa usipa kwa vijiji vya maziwa, watoto wapimwe urefu na damu kwa mwaka mzima. Hadi majibu yatakapotoka, Halmashauri ya Wilaya ya Kyela ianze na usipa.