Upimaji wa DNA ya mimea kwa hadubini

Ni njia ya kukadiria uzito wa DNA katika kiini cha seli kwa kupima mwanga unaozuiwa na kiini kilichotiwa rangi. Rangi yenyewe ilitokana na kazi ya Mjerumani Robert Feulgen, mwaka 1924. Katika Bonde la Ufa la kati nchini Kenya mimea ya kupima ni tele: ngano ya Njoro na Mau Narok, shayiri, pareto ya Molo.

Mbegu huoteshwa kwenye karatasi yenye unyevu, kisha ncha za mizizi hukatwa na kutumbukizwa katika alikoholi iliyochanganywa na asidi asetiki. Hatua ifuatayo, ya asidi hidrokloriki, ndiyo inayoharibu vipimo vingi. Zikikaa humo muda mfupi, rangi haishiki. Zikipitiliza, DNA yenyewe huyeyuka. Kasi ya asidi hutegemea joto: Njoro iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya asubuhi huko si joto la saa nane mchana. Kwa hiyo chombo cha asidi kikae ndani ya maji yenye joto lisilobadilika.

Kiini kikishakuwa cha zambarau, humulikwa kwa mwanga wa kijani. Kukipima chote kwa mkupuo ni kosa: rangi hukaa kwa mabonge, na mwanga unaopenya katikati yake hupunguza jibu. Hupimwa nukta kwa nukta, logi ya kila nukta ikijumlishwa. Kamera ya kidijitali inatosha, mradi isijirekebishie mwanga yenyewe.

Namba hizo hazina maana bila mmea linganishi uliotiwa rangi pamoja na sampuli. Kitunguu maji cha sokoni Nakuru kinafaa sana: kiini chake, kabla DNA haijajirudufisha, kina takriban pikogramu 33.5, karibu sawa na ngano ya mkate yenye kromosomu 42. Viini vinavyolinganishwa viwe katika hatua moja ya mgawanyiko, la sivyo kimoja kitazidi kingine maradufu bila sababu.

Pareto ya kromosomu 18 iliyorudufishwa kromosomu kwa kemikali ya kolkisini hutambulika mara moja. Lakini jeni Sr31 ya kuikinga ngano, iliyotoka kwenye mmea wa rai na kushindwa na kutu ya shina aina ya Ug99, haionekani kwa njia hii: kipande kilichoibeba ni kidogo mno. Kinga dhidi ya kutu hiyo, kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO huko Njoro huichunguza kwa kuotesha ngano shambani penye ugonjwa.