Ua la Peru na Jina Lake

Katika maua yote aliyoyaumba Mungu, okidi zimependwa na wengine hata kupita kiasi, na kupenda huko kumeleta mashitaka. Twataka kueleza kisa kimoja.

Mwaka 1973 mataifa yalipatana mjini Washington juu ya biashara ya wanyama na mimea ya mwitu, na okidi zikatakiwa kuwa na hati ya kuvuka mpaka. Mwaka 2002 Mmarekani mmoja, Kovach, alinunua kando ya njia huko Peru okidi ya zambarau, kubwa kupita kiganja, isiyoandikwa bado na wenye elimu ya mimea. Akaipeleka bila hati mpaka bustani ya Selby, Florida. Wenye elimu wa huko wakafanya haraka kuitangaza, wakaiita kwa jina lake: Phragmipedium kovachii.

Peru ikalalamika. Mwaka 2004 bustani ile ilitozwa dola 5,000, na Kovach dola 1,000, maana wote walikiri kosa. Lakini jina halikufutwa, kwa kuwa jina lililotangulia kuchapwa ndilo lidumulo. Na kule milimani wachuuzi walikuwa wamekwisha kung'oa mimea mingi.

Baadaye Peru iliwaruhusu wakulima wachache kuchukua mimea michache. Wakaotesha mbegu zake, ndogo kama vumbi, ndani ya chupa zenye chakula, wakangoja miaka hata ikachanua. Miche hiyo ikauzwa kwa hati.

Basi twaona: sheria iliadhibu wakosaji, lakini mkulima mwenye saburi ndiye aliyewapa watu ua lile pasipo wizi.