Meli Kubwa na Mji Mdogo: Historia Yenye Somo kwa Kilwa

 

Katika vikao vyetu vya mwaka kuna hoja isiyokosa kuibuka: Kilwa ina bandari ya asili yenye kina, kwa nini tusipate gati refu ili zile meli kubwa za kitalii zije kwetu? Mwaka huu hoja imekuja kama pendekezo kamili, kwamba sehemu ya fedha za harambee ilipie kazi ya awali ya upembuzi wa gati hilo. Kamati ikaniomba, kwa kuwa kazi yangu ni uhasibu, niandike maoni kwenye kijitabu hiki. Nimeona hesabu peke yake haitatosha. Tuanze na historia ya meli zenyewe, kisha tufungue daftari.

Tani ya meli si uzito

Meli ya kitalii kubwa kuliko zote mwaka 2024 ilikuwa Icon of the Seas, iliyojengwa Turku, Finland, ikaanza safari zake Miami mwezi Januari mwaka huo. Ina urefu wa mita 365 na tani 248,663. Tani hizo hazipimi uzito. Zinapima ujazo, yaani nafasi yote iliyofungwa ndani ya meli. Titanic ya mwaka 1912, ambayo dunia nzima iliishangaa, ilikuwa na tani 46,000 na kidogo. Icon ina nafasi zaidi ya mara tano ya hiyo.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Titanic ilizama majini mita kumi na nusu hivi. Icon huzama mita tisa na kidogo tu. Meli hizi zimekua kwenda juu, kwenda pembeni na kwenda mbele, si kwenda chini, kwa sababu visiwa vya Karibi zinakotembea havina maji marefu kando ya miji. Kwa hiyo anayesema "tuna kina, basi meli zitakuja" amejibu swali dogo. Swali kubwa ni gati la kushikilia mita 365, eneo pana la kuigeuza, vyuma vya kufungia kamba pale upepo unaposukuma ukuta wa ghorofa kama ishirini, na nchi kavu ya kupokea abiria zaidi ya 7,000 kwa asubuhi moja. Ongeza mabaharia na wahudumu wapatao 2,350. Huo ni mji unaokaribia watu 10,000 unaofika baada ya kifungua kinywa na kuondoka kabla ya magharibi.

Chombo cha safari kilivyogeuka kuwa safari yenyewe

Wazee waliosafiri miaka ya hamsini wanakumbuka meli za kampuni ya British India zilizotoka London na kupita Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Mbili ziliitwa Kenya na Uganda, zilizoanza kazi mwaka 1951 na 1952. Uganda ilikuwa na tani zipatazo 14,400. Ilibeba abiria, barua na mizigo, na kila bandari ilipata chake: wachukuzi, wauza matunda, mawakala, wenye hoteli. Meli iliihitaji bandari, na bandari iliihitaji meli.

Mwaka 1958 ndege za jeti zilianza kuvusha abiria kati ya Ulaya na Marekani kwa saa chache. Meli za abiria zikapoteza kazi. Kenya iliuzwa kuwa chuma chakavu mwaka 1969. Uganda iliponea kwa kubadilishwa kuwa meli ya kutembeza wanafunzi, na mwaka 1982 Uingereza ikaifanya hospitali wakati wa vita vya Falklands. Meli ya Kifaransa iliyoitwa France, iliyowekwa kando mwaka 1974, ilinunuliwa na Wanorwe ikaitwa Norway, na mwaka 1980 ikaanza safari za starehe kutoka Miami. Ilikuwa kubwa mno kwa magati mengi ya Karibi, hivyo ilibeba boti zake mbili za kushushia abiria.

Hapo ndipo wenye meli walipogundua kitu. Abiria hakuwa anataka kufika popote. Alitaka kukaa melini. Basi kila meli mpya ikaongezewa maduka, kumbi, mabwawa na migahawa. Sovereign of the Seas ya mwaka 1988 ilikuwa na tani 73,000. Carnival Destiny ilivuka tani 100,000 mwaka 1996. Mwaka 2009 ikaja Oasis of the Seas yenye tani 225,000, ndefu kwenda juu kiasi kwamba ilipotoka Finland ilibidi ishushe mabomba ya moshi ili ipite chini ya daraja la Great Belt kule Denmark.

Meli ya zamani ilikuwa mteja wa bandari. Meli ya sasa inashindana na bandari, kwa sababu soko, hoteli na burudani zote imezibeba tumboni mwake.

Falmouth, mji unaofanana na Kivinje

Ndugu zangu, mji ninaotaka tuutazame kwa makini ni Falmouth, kaskazini mwa Jamaika. Ulianzishwa mwaka 1769. Ulitajirika kwa sukari iliyolimwa na Waafrika waliotumwa kwa nguvu, na katika siku zake za neema meli hadi thelathini zilionekana bandarini kwa wakati mmoja. Watumwa walipopata uhuru kamili mwaka 1838 biashara ya sukari ikarudi nyuma, meli nazo zikazidi kuwa kubwa, bandari ikapoa. Majumba mazuri ya mawe yakabaki kwa sababu hakukuwa na fedha za kuyabomoa na kujenga mapya. Mwana-Kivinje yeyote anaielewa hadithi hii bila kufafanuliwa.

Kisha Mamlaka ya Bandari ya Jamaika ikashirikiana na kampuni ya Royal Caribbean kujenga bandari ya meli za jamii ya Oasis. Bahari ilichimbwa, na matumbawe zaidi ya laki moja yakahamishwa kabla ya kazi. Mwaka 2011 meli zikaanza kufunga. Magati mawili yanaweza kupokea meli mbili kubwa siku moja. Wenyeji waliahidiwa kwamba mji wa kale utafufuka, na majengo kadhaa kweli yalitengenezwa.

Lakini wafanyabiashara wa mji walianza kulalamika mapema, na malalamiko hayo yameandikwa mara nyingi. Bandari imezungushiwa uzio, na ndani ya uzio kuna maduka. Abiria wengi hununua humo humo. Wengine hupanda mabasi yaliyolipiwa tangu melini, wakapelekwa Montego Bay au Ocho Rios, na kurudi moja kwa moja getini. Mwenye kibanda mtaani huiona meli, husikia honi yake, na jioni huhesabu sarafu chache. Tumezoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Falmouth mgeni alikuja kwa maelfu, na wenyeji wengi wakabaki wakisubiri kupona.

Sehemu nyingine uzio ni mrefu zaidi. Labadee, kule Haiti, ni ufuko ambao kampuni hiyo hiyo imeukodi tangu miaka ya themanini, ikajenga gati lake mwaka 2009. Bahamas kampuni ina kisiwa kiitwacho CocoCay, chenye gati na mabwawa yake. Mwenye meli akimiliki na ufuko, shilingi ya mgeni haina sababu ya kutoka mfukoni mwa kampuni.

Waliosema basi

Wapo waliopunguza. Mwezi Juni 2019 meli ya MSC Opera iligonga gati na boti ya watalii mjini Venice. Tangu Agosti 2021 Italia imezuia meli zinazozidi tani 25,000 kupita mbele ya uwanja wa San Marco. Juneau, Alaska, mji wa watu wapatao 32,000, ulipokea abiria wa meli zaidi ya milioni 1.6 mwaka 2023, na tangu msimu wa 2024 umekubaliana na kampuni za meli zisizidi meli kubwa tano kwa siku. Miji hiyo haikuchukia wageni. Ilifika mahali ikaona gharama ya maji, taka, barabara na utulivu wa wakazi inaandikwa upande wa mji, na mapato yanaandikwa upande wa meli.

Kilwa ilivyotajirika

Sasa turudi nyumbani. Kwa nini Kilwa Kisiwani ilikuwa na sultani aliyejenga Husuni Kubwa, na Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 akausifu mji wake? Sababu kubwa ilikuwa upepo. Chombo kutoka Uarabuni au Bara Hindi kilichokuja na kaskazi kiliweza kufika kwetu na kurudi na kusi ndani ya mwaka. Kwenda mbali zaidi hadi Sofala kwenye dhahabu kulikuwa na hatari ya kukosa upepo wa kurudia. Kwa hiyo mali ilishushwa hapa, ikahesabiwa, ikatozwa ushuru, ikabadilisha chombo, na wafanyabiashara walikaa miezi wakisubiri upepo. Walipanga nyumba, walikula, walioa.

Bandari hutajirika pale mali na watu wanapotua. Karne ya kumi na tisa neema ilihamia Kivinje, kwa biashara ya pembe na, lazima tuseme, ya binadamu wenzetu waliotembezwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Biashara ile ilipokufa na meli za moshi zikataka maji marefu, Kivinje yenye ufuko unaokauka mbali maji yakipwa haikuweza kushindana. Makao ya wilaya yakahamia Masoko.

Meli za kitalii nazo zina kumbukumbu ya hofu katika bahari yetu. Novemba 2005 maharamia waliishambulia Seabourn Spirit karibu na Somalia ikiwa njiani kuja Mombasa, na Aprili 2009 wakaijaribu MSC Melody upande wa Shelisheli. Kwa miaka kadhaa meli zikatukwepa. Sasa zimerudi. Mombasa imejenga jengo la abiria wa meli, na Norwegian Dawn yenye tani 92,000 imeshafunga huko na Dar es Salaam. Kilwa tumekuwa tukipata meli ndogo zinazotia nanga, zikashusha wageni kwa boti ili wakaone magofu.

Tufungue daftari

Tuchukue mfano, si takwimu. Meli inaleta abiria 5,000 wanaotaka kwenda Kisiwani. Boti inabeba watu 20. Zinahitajika safari 250 kwenda na 250 kurudi. Kwa boti kumi, kila moja ivuke mara 25 kila upande, kwa muda usiozidi saa nane, na watu hao wakanyage kisiwa ambacho wakazi wake wote hawafikii idadi hiyo, juu ya kuta zilizokuwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Meli ya abiria 200 inahitaji safari kumi tu. Kila mgeni atapata kiongozi, atakaa chini kula samaki wa kupaka, na atanunua mkeka akiwa ameuona ukisukwa.

Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Gati la mita 400 ni kazi ya Serikali na wawekezaji wenye mitaji, na michango yetu humo ni tone baharini. Serikali tayari ina mradi wa bandari ya uvuvi Masoko, uliowekewa jiwe la msingi mwaka 2023. Huo ni wa samaki wanaotua, wanaopimwa na kuuzwa hapa hapa, na vijana wetu wajiandae kwa huo.

Pendekezo langu kwa mkutano ni kwamba fedha za harambee za mwaka huu ziende kwenye mambo matatu. Kwanza, mafunzo ya lugha na historia kwa vijana wanaoongoza wageni Kisiwani, Songo Mnara na Kivinje. Pili, jaketi okozi za kutosha kwenye boti zinazovusha wageni na wenyeji, kwani mama anayevuka kwenda kliniki naye ni abiria. Tatu, banda la kina mama wasusi na wapishi lenye vyoo na maji, mahali mgeni anaposhukia, lisilo na uzio kati yake na mji. Hayo yatafaa meli ndogo zikija, na yatafaa hata zisipokuja.

Mali bila daftari huisha bila habari. Naomba kila mchango upewe stakabadhi, na hesabu za mambo hayo matatu zibandikwe ubaoni Masoko na Kivinje kila robo mwaka, ili mtoa elfu tano na mtoa milioni wote wasome. Wanaopinga hoja hii nao wana haki yao, waje mkutanoni na hesabu zao tuzilinganishe. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Tujaze, tutoe, kisha tudai kuonyeshwa.