Chungu Kabla ya Rungu: Tarehe ya Mji wa Nekhen

Tarehe za miji ya pwani yetu hupenda kuanza na mtu aliyeshuka chomboni. Ya Kilwa yenyewe imefungua na watu wa Shiraz na majahazi yao. Misri nayo imezoea kuandikiwa tarehe ya namna hiyo. Vitabu vya shule humweka mlangoni mfalme Narmer, mnamo 3100 K.K., ameinua rungu juu ya mateka aliyepigishwa magoti, na maelezo yake ni kwamba hapo ndipo nchi mbili, ya kusini na ya kaskazini, zilipofungwa pamoja na historia ikaanza. Picha hiyo imechongwa kwenye kibao cha jiwe chenye kimo cha sentimita 64 hivi, cha jamii ya vibao ambavyo watu wa Nile walisagia wanja kwa karne nyingi. Kibao kimehifadhiwa Cairo, lakini kilitoka Nekhen, mji uliokufa ulioko kati ya Luxor na Aswan, ukingo wa magharibi, mkabala na Elkab. Hoja yangu ni kwamba mji uleule uliotutunzia picha ya rungu ndio unaotoa ushahidi dhidi ya hadithi ya rungu. Narmer yumo mwishoni mwa shughuli iliyokwisha kuchukua zaidi ya miaka 500, na shughuli hiyo ilianzia penye vyungu: vya kupikia, vya akiba, na zaidi ya vyote vya pombe.

Wagiriki waliuita mji huu Hierakonpolis, mji wa kozi, kwa ajili ya mungu Horus aliyeabudiwa hapo kwa sura ya ndege huyo. Waarabu wa jirani wameuita Kom el-Ahmar, kilima chekundu, na wekundu wenyewe ni wa vigae vya vyungu vilivyotapakaa juu ya ardhi. Katika majina hayo mawili nadhani la pili limeona zaidi. Waingereza wawili, James Quibell na Frederick Green, walipofika kuchimba mwaka 1897 walivutwa na kozi: wakaenda moja kwa moja hekaluni, wakapata kichwa chake cha dhahabu, kisha wakafukua rundo la vyombo vya wakfu vilivyozikwa na makuhani, vikiwemo kichwa cha rungu la Narmer na cha mfalme mwingine ambaye alama yake ni nge. Vyote hivyo ni vya thamani, ila daftari zao ni za kusikitisha. Maelezo ya Green yanaonyesha kwamba kibao cha Narmer hakikuwa ndani ya rundo bali mita moja au mbili pembeni, wala tabaka lake halikuandikwa sawasawa. Kitu kinachotajwa kuliko vyote vya mwanzo wa Misri kilitoka ardhini bila cheti cha kuzaliwa. Huo ni uzito wa kwanza kwenye mizani yangu: anayejenga mwanzo wa dola juu ya kibao hicho peke yake anajenga juu ya kitu kilichong'olewa mahali pake.

Mwalimu wa Quibell, Flinders Petrie, alikwisha kukosea kwa namna kubwa zaidi, na kosa lake linastahili kusimuliwa taratibu kwa sababu ndilo lililozaa dawa. Majira ya 1894 na 1895 alifukua Naqada, kaskazini ya Luxor, makaburi zaidi ya 2,000 ya watu waliolazwa wamejikunja kama watoto usingizini, pamoja na vyungu vyekundu vyenye midomo myeusi, bila maandishi yoyote. Hawakufanana na Wamisri aliowazoea. Akaamua kwamba ni kabila jipya, wavamizi walioingia baada ya enzi ya mapiramidi. Mfaransa Jacques de Morgan akampinga mwaka 1896: hawa si wageni waliochelewa, ni mababu waliotangulia. Petrie alikubali, na kwa sifa yake lazima isemwe kwamba alikubali kwa kazi. Alichukua vyungu vya makaburi 900 hivi, akaandika kila kaburi kwenye kipande chake cha karatasi, akavipanga na kuvipangua mpaka maumbo yakafuatana. Mtungi mnene wenye vishikio vya mawimbi unakonda hatua kwa hatua, vishikio vinanywea, hata mwisho unabaki mtungi mwembamba kama bomba na mstari wa pambo mahali palipokuwa na kishikio. Kwa njia hiyo vyungu vilipewa umri kabla ya watu kuwa na miaka ya kuhesabu. Njia hiyo imerekebishwa mara nyingi, lakini msingi wake umesimama: kwa zama ambazo hazikuacha barua, chungu ndicho shahidi.

Wazo la wageni, hata hivyo, lilihama chumba tu. Maadamu watu wa Naqada walikuwa wenyeji, ikasemwa kwamba wageni ni mafirauni wenyewe, taifa teule lililokuja kutoka mashariki, likawatawala wenyeji na kuwafundisha. Mafuvu yakapimwa ili kulithibitisha, na mchoro wa jahazi lenye tezi ndefu juu ya mwamba wa jangwani ukafanywa kuwa picha ya kuwasili kwao. Walter Emery, mchimbaji hodari wa makaburi ya Saqqara, alikuwa bado akiliandika wazo hilo mwaka 1961.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani Walter Fairservis na Michael Hoffman walirudi Nekhen, na kazi ikaendelezwa na Barbara Adams na Renée Friedman. Hawa waliinua macho kutoka hekaluni wakatazama ukingo wa jangwa, ambako makazi ya kale yalienea kwa zaidi ya kilomita 2. Hoffman alikuta nyumba ya mfinyanzi iliyoungua, nguzo zake zimebaki makaa. Tanuri lake lilikuwa mita chache tu kutoka ukutani, na inavyoelekea siku moja upepo ulivuma vibaya. Mbele kidogo yamefukuliwa majungu ya udongo yaliyokazwa ardhini na kuchochewa moto kwa nje, yenye masalia ya uji wa ngano na shayiri ulioganda ndani. Ni kiwanda cha pombe cha mnamo 3600 K.K., na kwa ukubwa wa majungu yake kinakadiriwa kutoa zaidi ya lita 300 kwa siku. Nataka msomaji akae na hesabu hiyo kidogo. Aliyewahi kuona pombe ya kimea ikitengenezwa anajua kwamba nafaka lazima ilowekwe, ioteshwe, ikaushwe, isagwe, kisha moto uwe wa wastani kwa saa nyingi, maana ukizidi umeharibu. Kufanya hivyo kwa lita 300, siku baada ya siku, kunahitaji ghala linalojaa, wakata kuni, wafinyanzi wa mitungi ya kugawia, na watu wasiolima ambao wanalishwa na wanaolima. Anayeikusanya nafaka hiyo na kuamua nani anywe amekwisha kuwa mtawala, awe na taji au asiwe nalo.

Makaburi yanasema vivyo hivyo. Kwenye bonde kavu nyuma ya mji, watu wachache walizikwa karibu 3700 hadi 3600 K.K. chini ya majengo ya nguzo za mbao, wamezungukwa na makaburi ya watu wao, wengi wao vijana, na ya wanyama: tembo, viboko, nyani, ng'ombe mwitu, chui, mamba, mbwa. Nyani kadhaa na kiboko mchanga wana mifupa iliyovunjika ikaunga tena. Mfupa hauungi kwa siku moja. Maana yake walifugwa kifungoni majuma au miezi, wakatafutiwa chakula. Tembo mmoja wa umri wa miaka 10 hivi alizikwa tumbo likiwa bado na masalia ya mlo wake. Mwindaji shupavu anaweza kumwua tembo, lakini kumlisha kunataka mji. Upande wa pili wa makazi kuna makaburi zaidi ya 450 ya watu wa kazi, wamefunikwa mikeka, wengine wamezungushiwa vitambaa vya kitani na utomvu mikononi na shingoni, karne nyingi kabla ya ufundi wa kukausha maiti tunaousifu kwa mafirauni. Mwanamke mmoja alitiwa hina juu ya mvi zake na kusukiwa nywele za bandia. Hapa tumo katika mji kamili, wenye wakubwa na wadogo, na Narmer hatazaliwa kwa miaka 400 au 500 bado.

Mpinzani wa kwanza atauliza kuhusu Mesopotamia, na ana haki. Ndani ya Nekhen yenyewe Green alikuta kaburi lililopakwa rangi ukutani, la mnamo 3500 K.K., ambamo mtu amesimama kati ya simba wawili akiwashika, sura inayojulikana sana kwa Wasumeri. Kisu chenye mpini wa pembe kinachoitwa cha Gebel el-Arak, kilichoko Louvre, kina mtu wa namna hiyo amevaa kama mfalme wa Uruk. Kuna pia mihuri ya kuviringishwa, kuta za matofali zenye vijia, na lazuardi iliyotoka milima ya Afghanistan. Siyakanushi hata moja. Naomba tu yapangwe kwa tarehe. Kiwanda cha pombe na bonde la tembo vimetangulia vitu hivyo. Wakubwa wa Nekhen walikuwa tayari wakubwa walipoanza kupenda vitu vya mbali, na mkubwa hupenda cha mbali kwa kuwa jirani hana. Kisha tazama kilichobaki. Mtu wa simba wawili alitoweka katika sanaa ya Misri baada ya muda mfupi. Kwenye ukuta uleule kuna mchoro mdogo wa mtu anayewapiga mateka watatu kwa rungu, na huo, wa kienyeji, ulirudiwa na wafalme wa Misri hata zama za Warumi, zaidi ya miaka 3,000. Ngano, shayiri, kondoo na mbuzi pia asili yao ni Asia, na waliingia bondeni zamani zaidi. Punda alifugwa kwanza Afrika kaskazini-mashariki akaenda Asia. Kuazima ni desturi ya majirani, si dalili ya kutawaliwa.

Wa pili atakuja kutoka kusini. Mwaka 1964 Keith Seele alichimba Qustul, Nubia, na mwaka 1980 Bruce Williams akatangaza kwamba chetezo kilichotoka hapo, chenye mfalme ndani ya jahazi, ni cha ufalme uliotangulia wa Misri. Wengi waliomsoma Cheikh Anta Diop, mwanahistoria Msenegali aliyeiona Misri ya kale kuwa ya Waafrika, waliona dai lao limepata chombo. Miaka minane baadaye, mwaka 1988, Günter Dreyer alifungua Abydos kaburi la vyumba 12 la mnamo 3200 K.K. lenye alama za kifalme, na Qustul ikapoteza haki ya kuitwa ya kwanza. Lakini wanaofurahia kushindwa huko wanaharakisha. Diop alikuwa sahihi kukataa Misri ielezwe kana kwamba imeelea baharini mbali na bara lake. Wafugaji wa Nabta Playa, magharibi ya Nile, walikuwa wakizika ng'ombe kwa heshima karne nyingi kabla jangwa halijawafukuza, na Wanubi wa Qustul na Wamisri wa Nekhen walibadilishana bidhaa na desturi. Napingana naye mahali pamoja tu, pa kutafuta nani alimpa nani taji, kwa maana swali hilo linamrudisha mtu wa chomboni kwa mlango mwingine.

Pingamizi gumu zaidi ni la damu. Mifupa ya shingo katika makaburi ya watu wa kazi ina alama za kukatwa, na mateka watatu ukutani hawakubuniwa na Narmer. Rungu lilikuwepo mapema, nakubali. Ila marungu yapo kila mahali penye ugomvi, na mahali pengi hayakuzaa dola. Kilichozidi Nekhen ni ghala. Kaskazini, mjini Buto, wachimbaji wa Kijerumani waliona vyungu vya kaskazini vikipungua na vya kusini vikiongezeka tabaka kwa tabaka, bila alama ya mji kuteketezwa. Jiko lilishinda kabla ya jeshi kutajwa. Hata maandishi yanaelekea huko. Kaburi la Dreyer lilitoa vibandiko karibu 200 vya mfupa na pembe, vidogo kama stempu, vyenye tundu la kufungia kwenye mzigo, vimechorwa tarakimu na yanayodhaniwa kuwa majina ya mahali. Ni kazi ya karani wa bohari. Na Abydos hapohapo, mwaka 2021, Misri ilitangaza kiwanda cha pombe cha enzi ya Narmer chenye sehemu nane za majungu, kila sehemu 40 hivi, chenye uwezo wa lita 22,400 kwa mpigo mmoja. Waingereza waliopita hapo mwanzoni mwa karne ya 20 walikwisha kuona majungu hayo wakadhani ni matanuri ya kukaushia nafaka. Ni kazi ileile ya Nekhen ya miaka 500 nyuma, imekuzwa mara nyingi, sasa kwa mazishi ya mfalme.

Nekhen wenyewe ulifaidika kidogo na ushindi huo. Wafalme walikwenda kuzikwa Abydos, wakaanza kukaa Memphis, na mji wa kozi ukabaki wa ibada. Mnamo 2700 K.K. mfalme Khasekhemwy alijenga hapo boma la matofali ya udongo ambalo kuta zake bado zimesimama, nalo alilijenga juu ya makaburi ya watu wa kale. Mwaka 1905 John Garstang alichimba chini ya kuta hizo akitafuta vyungu vya makaburi, akaacha mashimo yaliyodhoofisha boma. Na ili lisianguke, mafundi wa siku zetu wamefyatua papo hapo matofali mapya ya udongo, wakayapanga chini ya yale ya mfalme.