Umeme Uliovuka Bahari

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi wadogo zetu mliopo madarasani,

Umeme haumo katika orodha ya mambo ya Muungano. Hata hivyo, mwaka 2010 waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Pemba, kwa msaada wa Norway, na majenereta ya dizeli ya Wesha yakapumzika. TANESCO huuza, Shirika la Umeme Zanzibar hununua na kutusambazia.

Mwaka 2017 deni baina ya mashirika hayo lilizusha mvutano mkubwa. Sisi wa Makangale tuliosoma kwa kibatari tulielewa uzito wake.

Nikiwa mtumishi wa serikali, nasema: serikali mbili hushirikiana bila kumezana, mradi hesabu ziwe wazi na ankara zilipwe. Wadogo zetu, someni, kwani kesho hesabu hizo mtazishika nyinyi.