Njideka Akunyili Crosby: Mchoraji wa nyumba mbili

Mtu akiitazama kwa mbali picha ya Njideka Akunyili Crosby huona mambo ya kawaida ya nyumbani: mke na mume sebuleni, meza yenye vikombe vya chai na taa ya mafuta, mtoto aliyesimama kwa utulivu. Akisogea karibu ndipo hugundua kwamba kuta, zulia na hata ngozi za watu hao zimejaa picha ndogo ndogo za waimbaji, wanasiasa na maharusi wa Nigeria.

Mchoraji huyo, mkazi wa Los Angeles nchini Marekani, alizaliwa mwaka 1983 mjini Enugu, kusini mashariki mwa Nigeria. Ni binti wa marehemu Dora Akunyili, mfamasia aliyejipatia sifa kwa kupambana na dawa bandia alipoongoza mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo kuanzia mwaka 2001. Mama huyo ndiye aliyeshinda bahati nasibu ya vibali vya ukaazi wa Marekani, na mwaka 1999 Njideka akahamia huko akiwa na umri wa miaka 16.

Alikusudia kuwa daktari kama baba yake. Katika Chuo cha Swarthmore alisoma baiolojia pamoja na sanaa, akahitimu mwaka 2004. Sanaa ikashinda, naye akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2011.

Namna anavyofanya kazi inastahili kuelezwa. Hukusanya picha kutoka albamu za familia, magazeti na majalada ya santuri, akazitoa nakala kwa mashine. Nakala hulazwa kifudifudi juu ya karatasi na kusuguliwa kwa asetoni, kimiminika kile kile kinachoondoa rangi ya kucha, hadi wino uhamie upande wa pili. Wino hauhami wote. Kinachobaki kina ukungu na mapengo, kama kumbukumbu za mtu aliyeondoka kwao zamani. Juu yake huongeza rangi, penseli na vipande vya kitambaa. Kazi hiyo ni ya polepole, na kwa mwaka hutoa picha chache tu.

Katika picha zake za mwanzo alijichora mara nyingi akiwa na mumewe, Justin Crosby, Mmarekani mweupe. Zina mapenzi, lakini pia zina wasiwasi unaofahamika katika familia nyingi zenye watoto ughaibuni: je, aliyeolewa mbali amewakana wa nyumbani? Jibu halisomeki usoni, kwani mara nyingi mwanamke ameinama au amegeuka. Nigeria ndiyo inayosema, kutoka ukutani.

Mfululizo wake wa picha za watoto na vijana wa Nigeria, wakiwamo ndugu zake, umechukua jina kutoka riwaya ya Mghana Ayi Kwei Armah ya mwaka 1968, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina la Wema Hawajazaliwa, tafsiri ya Abdilatif Abdalla. Machi 2017, moja ya picha hizo iliuzwa katika mnada wa Christie's mjini London kwa zaidi ya dola milioni 3, ikiwa na umri wa miaka mitano tu. Fedha za mnada wa namna hiyo humwendea aliyekuwa akiimiliki picha, si aliyeichora. Na picha ikishakuwa rasilimali ya tajiri, huweza kufungiwa ghalani isionwe na mtu. Mwaka huo huo alitunukiwa ufadhili wa MacArthur wa dola 625,000.

Mwaka 2018, wakati Uingereza ikilaumiwa kwa kuwatendea vibaya wahamiaji kutoka Karibiani walioishi humo kwa miongo mingi, mchoro wake mkubwa wa wajukuu wa kizazi hicho wakiwa wamekusanyika sebuleni uliwekwa kwenye lango la kituo cha treni cha Brixton, London. Abiria waliupita asubuhi na jioni, bila kiingilio.